Browning ya zamani na FN High Power ya mwaka 2022: je, ni bastola moja?

Mkazi wa Njiro, Arusha

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Baba yangu mdogo aliyeko Moshi anamiliki kwa leseni bastola ya Browning Hi-Power, ya milimita 9, iliyotengenezwa Ubelgiji miaka ya 1970, naye anafikiria kuibadilisha kwa FN High Power mpya, ya kiwanda cha silaha cha FN cha Ubelgiji, akiamini kwamba ni bastola ile ile. Ana magazini (vibebea risasi) za zamani alizozitunza vizuri, na mkono wake umeizoea silaha hiyo kwa miaka mingi. Je, magazini hizo zitaingia, na kuna jambo linalompasa kujifunza upya?

Fundi wa Majengo, Moshi

Ndugu yangu, hazitaingia, na vipuri navyo haviingiliani. Ile ya zamani ilianzishwa na John Browning, msanifu wa silaha wa Marekani aliyefariki Ubelgiji mwaka 1926, ikakamilishwa na Dieudonné Saive, msanifu wa FN, na mwaka 1935 jeshi la Ubelgiji likaipokea ikiwa na magazini ya risasi 13, wingi ambao ulikuwa mgeni kwa bastola za wakati huo. Hii ya 2022 imesanifiwa upya: ni nzito zaidi, inabeba risasi 17, na vidhibiti vyake viko pande zote mbili.

Hata hivyo, suala la magazini ni dogo. Bastola ya baba yako mdogo ilitoka kiwandani na kizuizi kinachoikatia triga (kifyatulio) kazi mara tu magazini inapochomolewa, sharti lililotokana na zabuni ya jeshi la Ufaransa. Kizuizi hicho huifanya triga ikwaruze, na walenga shabaha wamekilalamikia siku zote. Katika bastola mpya FN wamekiondoa, na triga imekuwa laini. Basi mtu aliyezoea kuchomoa magazini na kuamini kwamba bastola haiwezi tena kufyatuka, akiishika hii mpya huku risasi ingali ndani ya chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa), anaweza kumuua mtu sebuleni kwake. Tafadhali mweleze kabla hajaigusa.

Mlenga Shabaha, Kiboriloni

Nakubaliana na Fundi, ila nisingependa mtu aondoke hapa akidhani kwamba ile ya zamani inaaminika kwa sababu ya kizuizi hicho. Mafundi wengi wamekuwa wakikitoa ili kulainisha triga, na mmiliki wa baadaye huenda asijue. Slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, ivutwe nyuma na chemba itazamwe kwa macho, iwe bastola mpya au kuukuu.

Kama anachopenda mzee ni umbile na vipuri vya Browning yake, aitazame SA-35 ya Springfield Armory ya Marekani, iliyotoka mwaka 2021. Inabeba risasi 15, inapokea magazini za zamani, na nyundo yake imerekebishwa isiume ngozi ya mkono kama ilivyokuwa desturi ya nyingi za awali. Nayo pia haina kile kizuizi.

Mkazi wa Njiro, Arusha

Nawashukuru sana. Nitampigia simu jioni hii, na nitaanza na habari ya chemba kabla ya kuzungumzia ununuzi.