Simu za intaneti nyuma ya ruta: ananisikia, mimi simsikii

Swali

Habari zenu, wataalamu. Nimefunga simu mbili za intaneti ofisini, zote nyuma ya ruta moja, nazo zimejisajili kwenye seva ya mtoa huduma bila shida. Tatizo huanza mtu anapotupigia: simu inaita, napokea, yeye ananisikia vizuri lakini mimi sisikii kitu, kisha baada ya kama nusu dakika simu inakatika yenyewe. Mtoa huduma ameniambia nifungue poti (mlango wa mawasiliano kwenye ruta) 5060 pamoja na poti zote kuanzia 10000 hadi 20000, nizielekeze kwenye simu. Je, nizielekeze kwenye simu ipi, ilhali ziko mbili?

Jibu la kwanza

Poti moja haiwezi kuelekezwa kwenye simu mbili, na kwa hali yako sioni haja ya kufungua hata moja. Simu yako huandika anwani yake ya ndani, tuseme 192.168.1.20, katika ujumbe wenyewe wa SIP, yaani lugha ambayo simu na seva hutumia kuanzisha na kukata mazungumzo. Ruta hubadilisha anwani iliyo juu ya bahasha, lakini barua iliyomo haiigusi. Seva ikifuata anwani iliyoandikwa kwenye barua, sauti haikufikii, kwa kuwa anwani za aina hiyo hazipiti kwenye intaneti ya nje. Hata ile nusu dakika ina sababu yake: ukishapokea, simu hungoja uthibitisho wa seva, na usipofika ndani ya sekunde 32 hukata tamaa, na mazungumzo nayo hukatika.

Ruta nyingi zina kipengele kiitwacho SIP ALG, kilichobuniwa ili kuirekebisha barua hiyo, nacho mara nyingi huiharibu zaidi. Kizime kwanza, uwashe upya ruta na simu, kisha ujaribu. Mwombe pia mtoa huduma aipange seva yake ijibu kule pakiti (vipande vya data) zilikotoka, isitegemee anwani iliyoandikwa ndani.

Jibu la pili

Naafiki, na ushauri wa kufungua poti 5060 kwa dunia nzima naona ni wa hatari. Zipo programu zinazoizungukia poti hiyo usiku na mchana zikibahatisha nywila, na zikifaulu hupiga simu za nje ya nchi kwa gharama yako. Tena, baadhi ya ruta huchanganyikiwa simu zote mbili zikitumia 5060 kwa ndani. Ipe ya pili 5062, na kila moja iwe na poti zake za sauti.

Muulizaji

Nimezima SIP ALG, na sasa tunasikizana pande zote mbili bila kukatika. Limebaki jambo moja: simu ya pili ikikaa muda bila kutumika, haiiti mtu anapoipiga, hadi nipige mimi kwanza.

Jibu la pili

Hapo ruta imeisahau njia ya kuifikia simu hiyo. Kwa pakiti za UDP, yaani zinazotumwa bila kwanza kufungua muunganisho, ruta nyingine hufuta kumbukumbu hiyo baada ya sekunde 30 tu za ukimya, ilhali simu huenda imepangwa kujisajili upya kila baada ya sekunde 3600. Ingia kwenye mipangilio ya simu, uiagize itume pakiti fupi kwa seva kila sekunde 20. Ikiwa bado inagoma, tazama anwani ya nje ya ruta: ikianza na 10 au 192.168, ipo ruta nyingine mbele yake, na SIP ALG ya hiyo nayo izimwe.