Kambi za hifadhi ziwekewe soketi za kuchaji magari ya umeme, au tuanze na barabara?

Mwenye Mada
Hoja ninayoiweka mezani ni hii: Shirika la Wanyamapori la Kenya liweke sehemu za kuchaji magari kwenye kambi za umma, na lianze na hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mimi nasema ndiyo, na hesabu ndiyo inayonisukuma.

Chukua Nissan Leaf, gari la umeme, ya betri ya yuniti 40 (yaani kilowati-saa) iliyotoka Japani. Betri ikiwa nzima, zinazotumika kweli ni kama yuniti 36. Ikibeba baba, mama, watoto watatu na hema, inakula yuniti 18 hivi kwa kilomita 100. Nairobi hadi Elsa, lango la Hell's Gate, ni takriban kilomita 95, kwa hiyo 17 kwenda na 17 kurudi. Ongeza kilomita 30 za kuzunguka hifadhini, unafika 40. Betri ina 36. Safari imekufa hapo.

Sasa weka soketi moja kambini, ampea 10 kwa volti 240. Hizo ni kilowati 2.4. Kwa muda wa saa kumi usiku, ukitoa kinachopotea njiani, yuniti 20 zimeingia na familia inarudi nyumbani bila wasiwasi.

Na hapo ndipo panaponiuma. Mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke wa Olkaria, ndani ya Hell's Gate, uliwashwa mwaka 1981, hifadhi ikatangazwa mwaka 1984. Stima inazalishwa mle mle, nyaya zinapita juu ya vichwa vya waliopiga hema, na wao hawana pa kuchomeka plagi.

Fundi Breka
Naunga mkono, ila "soketi ya kawaida" ndiyo itakayounguza kambi. Leaf nyingi za Japani huja na kebo inayovuta ampea 15. Watu hukata plagi yake na kufunga yetu ya pini tatu, ya ampea 13. Kwa birika la chai linalochemka dakika nne hakuna shida. Kwa gari linalovuta saa kumi mfululizo, fyuzi iliyo ndani ya plagi inapata joto, plastiki inageuka kahawia kando ya pini ya laini, kishikio ndani ya soketi kinalegea, na kikilegea joto linazidi. Ukiishika plagi baada ya nusu saa ukashindwa kuendelea kuishika kwa joto, chomoa. Kebo ya kutumia hapo ni ile inayoweza kushushwa hadi ampea 10 au 6.

Ekstensheni nayo ni janga. Waya wa milimita mraba 1, urefu wa mita 30, kwa ampea 10 unageuza wati 100 hivi kuwa joto. Ukiuacha umezungushwa kwenye gurudumu lake, joto hilo linakosa pa kwenda na ganda linayeyuka. Tumia wa milimita mraba 2.5, na uukunjue wote hata kama gari liko hatua tano tu.

Kambi ifungwe hivi: soketi ya buluu ya ampea 16, ile ya kambi za Ulaya, kila moja na breka yake na kikata-umeme cha miliampea 30, kinachozima umeme ukivuja. Halafu waya wa ardhi. Udongo mkavu wa volkeno haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo moja haitoshi. Ziwe kadhaa, zipimwe wakati wa kiangazi. Kebo nyingi zikikosa waya wa ardhi huwasha taa nyekundu na kukataa kuchaji. Ndiyo maana jenereta ndogo ya kambini mara nyingi haifanyi kazi hata ikiwa na nguvu ya kutosha.

Nyikani
Ndugu Mwenye Mada, hesabu yako ni sahihi, lakini Hell's Gate ni mlangoni pa Nairobi. Nenda Voi, uingie Tsavo Mashariki. Kilomita 330 kwa 18 ni yuniti 59. Kushuka mita 1,100 kunakurudishia kama 5, zinabaki 54. Ukiondoka umejaa na ukasimama mara moja kuchaji kutoka asilimia 10 hadi 80, unafika ukiwa umebana. Kurudi ni kupanda, unahitaji 66, yaani kusimama mara mbili. Leaf haina maji ya kupoza betri: ukichaji kwa kasi mara ya pili siku hiyo hiyo, kwenye joto la Mtito Andei, chaji itaingia kwa nusu ya kasi au chini ya hapo, na watoto wanalia kwenye kiti cha nyuma.

Soketi ya kambini haikusaidii kitu ikiwa hukufika kambini. Pesa ziende kwanza Emali na Mtito Andei, miji ya njiani. Na ziwe chaja zenye plagi zote: CHAdeMO kwa magari ya Japani, CCS2 kwa ya Ulaya, GB/T kwa mengi ya China. Chaja ya aina moja barabara nzima ni sawa na pampu inayouza dizeli tu.

La pili, nyani na tumbili hawaachi waya uliolala chini, na Tsavo kuna ndovu. Sioni sababu ya kuchimba mitaro katikati ya kambi kwa ajili ya magari machache, gharama abebe hata yule aliyekuja na matatu.

Mama Watatu
Kaka Nyikani, la gharama lina dawa: mita ya tokeni kwa kila soketi, anayechaji ndiye anayelipa. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, iliweka bei maalumu ya kuchaji magari mwaka 2023, shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Hakuna anayembebesha mwenzake.

Ila kwenye mitaro nakubaliana nawe. Soketi ziwe langoni. Hell's Gate ni kati ya hifadhi chache ambamo unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli. Acha gari Elsa likichaji mchana kutwa, watoto waingie kwa baiskeli. Hata mawe ya obsidiani ya mle, yenye makali ya kukata tairi, yatakuwa yamekwepwa, maana Leaf haibebi tairi la akiba, inabeba dawa ya kuziba tundu tu.

Tsavo, mahali ambapo laini haifiki, tusiwaze betri kubwa za kuchajia usiku. Wanyama huonekana asubuhi na jioni. Kati ya saa tano na saa tisa magari yamelala kivulini. Paneli 12 za wati 400 zinatoa yuniti 20 hivi kwa siku nzima ya jua. Chaji saa hizo, moja kwa moja, upate zaidi ya nusu yake. Si gari zima, lakini ni kilomita 60 na zaidi za kuzunguka.

Na tusisahau jiko. Gari lenye soketi ya kutoa umeme, kama Hyundai Ioniq 5 inayotoa hadi kilowati 3.6, linapika bila kuni. Friji ndogo, taa, na jiko la umeme nusu saa mara mbili kwa siku: siku mbili ni yuniti 4 au 5. Hizo ni kilomita 25. Hema juu ya kerea, kwa kuzuia upepo, linaweza kula kuliko hizo; likunje uliweke ndani.

Mwenye Mada
Dada, langoni nakubali. Kwa Emali na Mtito sikubali kusubiri. Chaja ya kasi inataka transfoma yake. Soketi sita za langoni kwa ampea 10 zinatosha kwenye laini moja ya ampea 60, mradi kisichomekwe kingine kikubwa. Cha bei nafuu kianze.

Nyikani
Kianze Hell's Gate, basi. Lakini kisihesabiwe kwamba Tsavo imeshughulikiwa.

Fundi Breka
Wanaotoka wikendi hii bila kusubiri mtu: betri ndogo ya volti 12 ndiyo inayowaangusha watu kambini. Ukiacha mlango wa nyuma wazi na taa ya ndani ikiwaka siku mbili, inakufa, na gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Zima taa hiyo kwa swichi yake na ubebe waya za kustatia. Ikishindikana, gari lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Lipandishwe lori.