Tupeane uzoefu: wewe si mtu wa kodi (code, yale maandishi ya kutengenezea programu), ulishajaribu kuchangia programu huria (zile ambazo kodi yake iko wazi kwa yeyote kuirekebisha)? Ulikwamia wapi?

Mleta mada: Wakuu, VLC, Firefox, LibreOffice tunatumia wengi ila ukiangalia wanaochangia karibu wote madevelopa, wakati kuna miongozo, tafsiri, aikoni, kujibu watumiaji. Wa "sina muda" nawajua, nataka waliojaribu.

Mwalimu: Mi nilikuta mwongozo unamwambia mtu abonyeze kitufe ambacho toleo jipya hakipo tena. Nikasema ngoja nirekebishe chap. Weee! Fungua akaunti, fanya foki (nakala yako ya mradi), sijui branchi (tawi la kufanyia kazi), komiti (badiliko ulilohifadhi), pul rikwesti (ombi la badiliko lako kupokelewa), halafu roboti ikanijia juu eti komiti haina saini. Sentensi moja jamani! Wikipedia unabonyeza Hariri, unaandika, unahifadhi, imeisha. Git, huo mfumo wa kutunza mabadiliko ulio nyuma ya hatua hizo, ilitengenezwa 2005 kwa ajili ya watu wa kerneli (kiini) ya Linux na kwa kazi yao iko poa sana, ila kuifanya ndo mlango pekee hata kwa anayerekebisha koma, hapana.

Mchoraji: Afadhali wewe roboti ilikujibu 😂 Mi nilichora aikoni upya kwa Inkscape (programu ya kuchorea), nikatuma SVG (faili la mchoro) safi kabisa, ukaanza mjadala wa rangi, kila mtu na lake, mwisho kimya. Kodi ikiwa mbovu testi zinafeli na wote wanaona, ila kwenye muonekano kila mtu fundi na hamna mwenye kauli ya mwisho. Nikasema na menyu inachanganya watu, nikajibiwa nilete pachi (kipande cha kodi cha kurekebisha). Pachi naitoa wapi sasa?

Mfasiri: Tafsiri ina nafuu, LibreOffice wanatumia Weblate, unafungua kwenye brauza unaandika basi. Kinachokatisha tamaa ni kwingine, unajibu watumiaji mwaka mzima halafu ile grafu ya wachangiaji GitHub (tovuti inakowekwa miradi) inahesabu komiti tu, yani wewe haupo.

Dev: Niwatetee wenzangu kidogo, wengi tunafanya bure usiku baada ya kazi, kumshika mtu mkono hatua kwa hatua nguvu hatuna. Ila sisi tulimpata mmoja asiyejua kodi kabisa, anapokea ripoti za bagi (hitilafu), anaulizia toleo gani, anaunganisha zinazojirudia, na mpaka leo ndo tunayemtegemea kuliko wote.

Mleta mada: Mlimpataje?

Dev: Alikuwa analalamika kila siku, tukampa ruhusa ya kufunga tiketi, yani hizo ripoti.