Naomba ushauri: ndege wawili wa Arabuko-Sokoke wananichanganya pichani

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, na Jumamosi niliingia msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Gede, na kamera ya kuazima. Nimerudi na picha 43 za ndege wa kahawia, wale wa jamii ya shorewanda wanaopekua majani makavu chini ya vichaka. Shida ni kwamba humo wamo wawili wanaofanana kama pacha, Phyllastrephus terrestris na Phyllastrephus strepitans, na sijui nimempiga yupi.

Nijuavyo, terrestris ana koo jeupe linalojitokeza, na strepitans ni mdogo kidogo, kiuno na mkia vina wekundu wa kutu. Kwenye kitabu ni rahisi! Lakini chini ya miti mwanga wote ni wa kijani: picha moja mkia ni mwekundu, inayofuata, ndege yuleyule, mkia ni rangi ya udongo. Na ukubwa nitaupimaje, kando yake hakuna ila majani? Ndugu yao mwingine, Phyllastrephus fischeri, angalau nimemtoa, maana aliyekomaa ana jicho jeupe.

Wazoefu, nyinyi mnaanzia wapi, koo au mkia? Nikirekebisha rangi kwenye kompyuta nitasaidika au nitajidanganya? Sauti nilirekodi kwa simu, upepo umeimeza yote. Na picha isiyoamulika mnaiandikaje daftarini? Mimi hadi sasa nimeandika "mmoja wao", na binamu yangu hajaacha kunicheka.