Kisanduku cha nia nimekifungua mwaka unaisha, na usingizi umenipaa

Mwalimu_wa_la_Nne:

Tumsifu Yesu Kristo, wadau.

Nafundisha darasa la nne kwenye shule ya msingi ya Kikatoliki, shule ya masista. Zimebaki siku kumi tufunge mwaka. Sista mkuu amenipa kazi ya kuandaa tafakari ya jumuiya nzima, nusu saa kabla ya Misa ya shukrani. Akisema jumuiya nzima hatanii: wanafunzi, walimu, wazazi watakaofika, wapishi, walinzi, na mama anayefua vitambaa vya altare. Kazi hii humwangukia aliyechelewa kikao, na safari hii nilichelewa mimi.

Tafakari zetu nazijua. Huanza kwa wimbo na kuishia kwenye wastani wa ufaulu. Katikati anapita mgeni rasmi anayewaambia watoto wasome kwa bidii. Nikasema mwaka huu hapana, nitatumia maneno ya watoto wenyewe. Ndipo nikakumbuka kisanduku.

Ni boksi la viatu tu, nimelivika karatasi ya zawadi na kulitoboa juu kwa wembe. Mwaka ulipoanza niliwaambia watoto: andika unachomwomba Mungu, tumbukiza humu, kila Ijumaa ya kwanza tutazifungua nia zenu na kuzipeleka altareni. Mwezi wa kwanza tulifanya. Wa pili nilikuwa kwenye semina. Wa tatu wakaja wakaguzi. Baada ya hapo boksi likakaa juu ya kabati pembeni ya sanamu ya Mama Maria, mimi nikawa nalipangusa vumbi. Watoto hawakuacha kutumbukiza.

Juzi walipotoka nilikimimina mezani. Vikaratasi mia na ushee. Kuna anayeomba meno ya mbele yaote kabla ya picha ya darasa. Kuna anayemwombea paka wake mgonjwa, kikaratasi baada ya kikaratasi, hadi cha mwisho kinachosema tu "asante kwa siku alizokuwepo". Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Halafu nikakuta kimoja kimekunjwa mara nyingi hadi kimekuwa kama punje. Penseli, imebonyezwa kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. "Mungu mwambie mwalimu si mimi." Herufi S imegeuzwa kinyume. Darasani kwangu anayeigeuza S ni mmoja tu.

Niwarudishe nyuma. Wakati wa Kwaresima darasa lilikuwa na mkebe wa sadaka ya maskini. Ukapotea. Mtoto huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa sala, ndiye aliyebaki nyuma kufunga madirisha, basi nikahitimisha. Nilimsimamisha ubaoni mbele ya wenzake 46 nikamvua beji ya kiongozi kwa mkono wangu. Hakulia. Nikasema moyoni, tazama kiburi hicho. Wiki kadhaa baadaye mkebe ulikutwa nyuma ya kabati na fedha zake zote. Nikasema ameurudisha, dhamiri imemsuta. Sikumwuliza kitu.

Sasa kikaratasi cha pili, mwandiko mwingine: "Mungu nisamehe nilichukua mimi nimerudisha nyuma ya kabati naogopa." Vyote viwili vilikuwa juu ya kichwa changu miezi na miezi, hatua tatu kutoka kiti changu.

Naombeni ushauri. Nimwombe msamaha faragha au mbele ya darasa? Nikimsafisha hadharani, wataanza kumsaka mwizi, na nadhani namjua. Nia za watoto zisomwe siku ya tafakari au zisisomwe? Na kuna vikaratasi vitatu vingine vinavyohusu mambo ya nyumbani ambavyo hata hapa sitaviandika.

Kobe_Mzee:

Mwalimu, unajitesa. Mtoto wa miaka kumi ameshasahau. Funga mwaka, pumzika, mwakani fungua kisanduku mapema.

Katekista_wa_Zamani:

Milele, amina.

Kobe, ndugu yangu, hapo sikuungi mkono. Dada mwalimu, jambo lako lina jina katika Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa. Namba 2477 inataja hukumu ya harakaharaka, yaani kushika kuwa ni kweli kosa la mwenzako bila msingi wa kutosha. Na namba 2487 inasema anayekosea haki na ukweli ana wajibu wa kufidia, hata kama amekwisha kusamehewa. Kwa hiyo ukienda kuungama ukaondolewa dhambi, jina la mtoto bado liko pale ubaoni ulipoliacha.

Nimefundisha watoto wa komunyo ya kwanza muda mrefu. Sala wanayoikariri upesi kuliko zote ni "Nakuungamia", wanapenda kujipiga kifua. Lakini isikilize vizuri: "Nakuungamia Mungu mwenyezi, nanyi ndugu zangu." Nanyi ndugu zangu! Halafu tunasema mawazo, maneno, vitendo, na kutotimiza wajibu. Wewe una la mawazo ulipomshuku, una la maneno na vitendo pale ubaoni, na kisanduku ndicho cha kutotimiza wajibu. Samahani kama nimekukwaruza. Umeuliza kwa moyo mweupe, nami nakujibu hivyo hivyo.

Vikaratasi visisomwe. Mtoto alimwandikia Mungu, hakuwaandikia wazazi wa wenzake. Weka kisanduku kwenye maandamano ya vipaji, yaani matoleo yanayopelekwa altareni, kimefungwa.

Mkuu_Mstaafu:

Mwanangu, niliongoza shule kama yako hadi nikastaafu, na mikono yangu si misafi.

Mtakatifu Yohane Bosco, aliyeishi 1815 hadi 1888 katikati ya vijana ambao wengine waliwakatia tamaa, aliandika mwaka 1877 kuhusu malezi ya kuzuia badala ya kukomoa. Anasema adhabu na maonyo, isipokuwa kwa nadra sana, vitolewe kando, wenzake wasione. Wewe uliifanya ubaoni. Kwa hiyo na kurekebisha kuwe ubaoni. Lakini kwanza mwite pembeni umwulize yeye. Kama hataki kusimamishwa tena mbele za watu, hata kwa wema, mheshimu. Watu wazima tuna tabia ya kuomba msamaha kwa namna inayotufurahisha sisi.

Huyo wa pili usimguse mbele ya mtu. Darasani sema: "Nilimshtaki mwenzenu bila ushahidi, nimejua kwa hakika si yeye, mkebe ulirudi, jambo limekwisha." Atakayeuliza ni nani basi, mwambie yeye si hakimu na wewe ulijaribu kazi hiyo ikakushinda. Wakicheka umepona.

Kuhusu nusu saa yako. Usibuni. Chukua njia ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola ya kuipitia siku, uinyooshe ifike mwaka: shukuru, omba mwanga, pitia yaliyotokea, omba msamaha, kusudia. Angalia shukrani inatangulia. Shule nyingi huanza na makosa ya watoto, watoto nao wanafunga masikio. Na kwenye kuomba msamaha waanze wakubwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, katika tamko la 1965 juu ya malezi ya Kikristo, unawataja wazazi kuwa walezi wa kwanza, na walimu unawataka wafungamane kwa mapendo wao kwa wao na kwa wanafunzi wao. Mtoto hajawahi kuliona hilo kama hajawahi kumwona mkubwa akisema nimekosa.

Kwa Misa yenyewe, ongea na paroko mapema. Mwongozo wa Misa pamoja na Watoto, wa mwaka 1973, una nafasi kubwa kuliko tunavyoitumia: watoto wataje nia, walete vipaji, wajibu maswali ya mahubiri. Masomo yanaweza kupunguzwa, Injili haiachwi kamwe. Na unasisitiza ukimya. Dakika mbili za ukimya wa kweli kwa watoto wadogo zinawezekana, nimeziona, ila mwambie mwalimu wa kwaya aondoe mkono kwenye kinanda.

Mama_Pacha:

Nimesoma huku nimesimama. Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nilishtakiwa kuchana kitabu cha nyimbo cha kwaya, nikanyimwa kuimba siku ya Kristo Mfalme, nikakaa benchi la mwisho nimevaa sare ya kwaya kwa sababu mama alikuwa ameshaipiga pasi. Nina watoto wawili sasa, na kola ile ilivyokuwa ikinikwaruza shingo bado naikumbuka. Kobe_Mzee, hatusahau.

Mwalimu wangu hakurudi kamwe. Wewe rudi.

Mshauri_Nasaha:

Nachangia moja tu, wengine wamesema vizuri. Vile vikaratasi vitatu vya nyumbani visisubiri tafakari wala Misa. Kama mtoto ameandika kwamba anaumizwa au anaogopa kurudi nyumbani, leo hii mpelekee mkuu wa shule au mhusika wa ulinzi wa watoto hapo shuleni, wafuate utaratibu. Usimwite mzazi peke yako, na usimhoji mtoto kama polisi. Kisanduku si kitubio. Hakuna siri ya ungamo inayokufunga, na kunyamaza hapo ni kutotimiza wajibu kwa mara ya pili.

Mwalimu_wa_la_Nne:

Asanteni. Mshauri, vile vitatu vilifika kwa Sista mkuu jioni ile ile, na vinafanyiwa kazi. Katekista, hujanikwaruza, ulinichana kabisa, nilihitaji.

Nitarudi baada ya kufunga.

Mwalimu_wa_la_Nne (siku kumi na moja baadaye):

Nimerudi kama nilivyoahidi. Nitaandika kwa urefu, mniwie radhi.

Mtoto nilimwita wakati wenzake wako uwanjani, tukakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nikaanza, "Unakumbuka ule mkebe," naye akasema, "Ndiyo," haraka sana, kabla sijamaliza neno. Hotuba ikaishia hapo. Nikamwambia nilikosa, nimejua si wewe, nisamehe. Alikuwa anachokonoa soli ya kiatu kwa kijiti. Akauliza, "Umejuaje?" Nikamwambia nimesoma barua yake kwa Mungu. Akafikiri, akasema, "Niliiandika zamani lakini." Hakuisema kwa kulaumu. Alikuwa anarekebisha tarehe tu.

Nikamwuliza anataka nini. Mkuu Mstaafu, Mungu akulipe kwa ushauri ule, maana mimi nilishaamua kumrudishia beji mbele ya shule nzima, wazazi wapige makofi. Beji hakuitaka. "Mwaka umeisha, mpe mwingine." Alitaka niseme pale pale ubaoni, darasani kwetu, basi. Na nisimsimamishe.

Nikafanya hivyo kesho yake, yeye ameketi mahali pake anatazama dawati. Magoti yangu yalikuwa yanacheza. Nilisema yale maneno karibu kama nilivyofundishwa hapa. Kilichofuata sikukitegemea: hakuna aliyeuliza mwizi ni nani. Kuna binti wa mbele alinyoosha mkono, nikasema haya sasa yameanza. Akauliza, "Mwalimu, na wewe utaandika kikaratasi?" Nikaandika, wananiangalia. Nikakikunja, nikakitumbukiza.

Tafakari yenyewe haikuwa nzuri sana, nisiwadanganye. Kipaza sauti kilikoroma. Hatua ya shukrani ilikwenda vizuri, watoto walitaja watu badala ya vitu, na mlinzi wa getini alitajwa mara nyingi kuliko walimu wote kwa pamoja, kwa sababu anajua majina yao. Kwenye kupitia mwaka wadogo wa darasa la kwanza walishaanza kulala. Ila tulipofika kwenye msamaha, nilipanga niongee mimi kwa niaba ya walimu, na Sista mkuu akasimama kabla yangu. Hakuwa kwenye ratiba. Alisema mwaka huu amewajua watoto wengi kwa alama zao kuliko kwa sura zao, na kwamba kuna mama mmoja alikuja ofisini akilia naye akamwambia arudi kesho. "Kesho hakurudi. Kama yupo hapa, nimekosa mimi." Akaketi. Mwalimu wa kwaya aliondoa mkono kwenye kinanda bila kuambiwa. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Kulikuwa na mtoto mchanga wa mzazi mmoja akigugumia nyuma, basi.

Kisanduku kilipelekwa altareni kimefungwa. Paroko alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini ya altare. Wastani wa ufaulu ulitangazwa baada ya Misa, nje, na wazazi walionekana wamefurahi kama kawaida.

Jambo la mwisho. Nilikuwa darasani nabandua picha ukutani, shule imeshatawanyika. Mtoto mmoja wa darasa langu akaja akasimama mlangoni, begi mgongoni. Si yule wa S. Nilidhani amesahau kitu. Akatazama juu ya kabati, mahali palipokuwa na boksi, pamebaki alama ya mraba isiyo na vumbi.

"Mwakani kitakuwepo tena?"

Nikasema kitakuwepo.

"Atakuwa anakifungua nani?"

Nikamwambia mimi.

Akakaza mikanda ya begi. "Kila mwezi?"