Kuzunguka California na mbwa kuona mahali zilipopigwa filamu za zamani

Swali: Ndugu zangu, mimi na rafiki yangu tunapanga kuzunguka California kwa gari ili tuone mahali zilipopigwa filamu za zamani, na hatuna wa kumwachia mbwa wangu, ambaye hutapika kila barabara inapoanza kona. Tuanzie wapi, na ni wapi hataruhusiwa?

Jibu: Ningeanzia Alabama Hills, karibu na Lone Pine, ambako filamu ya Gunga Din (1939) ilipigwa na miamba yake ya mviringo ikafanywa ionekane kama India. Mbwa anaruhusiwa huko. Death Valley, iliyo upande wa mashariki, ni hifadhi ya taifa, na humo mbwa haruhusiwi kwenye njia za miguu. Kabla ya kumshusha, weka kiganja chini; ukishindwa kukiacha hapo kwa sekunde chache kwa sababu ya joto, nyayo zake zitaungua.

Jibu: Mkifika Bodega, jengo la shule la filamu ya The Birds (1963) bado limesimama, lakini ni makazi ya watu, kwa hiyo pigeni picha mkiwa barabarani. Barabara ya pwani ina kona nyingi mno kwa mbwa huyo; piteni barabara kuu ya 101. Huko San Juan Bautista msihangaike kuutafuta mnara wa filamu ya Vertigo (1958), kwani haupo; ulitengenezwa kwa ujanja wa kamera.

Muulizaji: Nashukuru. Rafiki yangu alikwishaapa kuupanda huo mnara, nani atamweleza?