Mheshimiwa, mzee uliyemsimamisha jana alimzika mwanawe aliyeuawa na hao hao magaidi

BintiWaMtaaWaPili ameandika:

Wadau, naandika mikono ikitetemeka, na mniwie radhi nikirudia jambo moja mara nyingi, kwa sababu tangu jana alasiri silioni jingine. Jina sitalitaja. Mnamjua. Ni yule ambaye guruneti likirushwa popote nchini Kenya hufika mbele ya kamera kabla gari la wagonjwa halijawashwa, na ambaye dawa yake ya ugaidi ni moja tu: kufunga. Funga kambi, funga mpaka, funga mtaa. Naamini iko siku atadai Bahari ya Hindi nayo itiwe kufuli.

Jana alikuja katika ukumbi wetu kuzungumzia usalama. Mzee wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango akituambia kuwa ni kikao cha kusikilizana, kwa hiyo tulienda wengi, na wazee wakapewa viti vya mbele kama ilivyo desturi. Mheshimiwa alinguruma kwa nusu saa: magaidi wanafichwa, wazazi wanajua, anayenyamaza ni mmoja wao. Hayo tumeyasikia hata watoto wetu wanayaigiza wakicheza. Kisha akavua miwani, akaiweka mezani taratibu, akasema kwamba waliotoka kule juu kaskazini mashariki, Garissa, Wajir na Mandera, wasimame. "Simameni tuwaone."

Simameni tuwaone!

Mzee aliyekaa viti viwili kutoka kwangu alisimama. Anakaribia miaka themanini na goti lake la kushoto halikunjiki, kwa hiyo alijivuta kwa kushika kiti cha mbele yake, na bakora ikamponyoka, ikabingirika hadi chini ya meza ya wakubwa. Hakuna mlinzi aliyeinama kuiokota. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi kwa ajili ya mgeni. Mzee huyo alikuwa na mwana aliyekuwa askari wa akiba, akauawa na al-Shabaab akilisindikiza basi. Picha yake iko sebuleni kwao, imefunikwa kwa karatasi ya nailoni isiingie vumbi, na kila Ijumaa mzee huifunua, akaifuta, akaifunika tena. Huyo ndiye tuliyeambiwa tumwone.

Linaloniunguza zaidi ni kwamba Mheshimiwa hakuwaambia wakae. Aliwatazama, akavaa miwani yake, akaanza habari za taa za barabarani. Taa! Mzee akabaki wima akitetemeka kwa sababu mkubwa aliyemsimamisha hakumwambia akae, na malezi yake hayamruhusu kukaa bila ruhusa. Mwaka 2014 mama yangu alichukuliwa usiku katika msako, akalala siku mbili sakafuni na kitambulisho chake mkononi, na tangu siku hiyo nilidhani nimeshaona dharau yote iliyopo katika nchi hii. Sikuwa nimeiona. Wale askari walimwambia apande gari. Hawakumsimamisha mbele ya majirani zake ili akaguliwe kama ng'ombe mnadani.

Mzalendo_Halisi:

Dada, pole, lakini umetuandikia utenzi mzima kwa sababu mtu ameambiwa asimame. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliovamiwa alfajiri, na hao hakuna aliyewaambia waketi. Mimi nilisimama mochari ya Chiromo, Nairobi, kusubiri mwili. Mheshimiwa ni mkali kwa sababu waliomtangulia walikuwa laini.

MtuWaElWak:

Ndugu Mzalendo, pole kwa msiba wako, na ninasema hivyo kwa moyo wangu wote. Ila umeitaja Garissa, basi itaje yote. Mmoja wa wale washambuliaji wanne alikuwa kijana aliyesomea sheria Nairobi, na baba yake, ambaye alikuwa chifu katika Kaunti ya Mandera, alikuwa amekwisha kuwaarifu wakuu kwamba mwanawe ametoweka. Mzazi alisema. Sasa Mheshimiwa anasimama ukumbini anatuambia wazazi wa kule juu hawasemi.

Na hili la kuwatenga watu nalifahamu vizuri kuliko yeye. Novemba 2014, basi lililotoka Mandera lilisimamishwa, abiria wakatenganishwa kwa dini, na 28 wakauawa. Desemba 2015 basi jingine likasimamishwa karibu na El Wak, amri ikawa ile ile, na safari hii abiria walikataa kutengana. Wanawake wa Kiislamu waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Waliotaka abiria wasimame huku na huku ili waonekane walikuwa na bunduki mikononi. Mheshimiwa ana maikrofoni, lakini agizo lake ni lile lile.

Kijana_wa_Isiolo:

Aliyeongoza shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi, Januari 2019 alikuwa mtoto wa mwanajeshi wetu, amekulia hapa Isiolo. Aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2011 kwa maguruneti ya Nairobi alitoka magharibi mwa nchi. Na Septemba 2013, watu 67 walipouawa katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, miongoni mwa raia walioingia na bastola kuwatoa waliokwama alikuwa Abdul Haji, mtu wa huko huko kule juu. Kama ni kusimama, tungesimama ukumbi mzima.

Fundi_Redio:

Nauliza swali moja, na nalielekeza kwa aliyefungua uzi. Mlikuwa mmejaa ukumbini, na viti vya pembeni mlikuwamo vijana wenye magoti mazima. Ni nani aliyemwambia Mheshimiwa aache? Hasira yako imekuja kukutana nasi hapa usiku, ilhali mchana ilikuwa imekaa kimya na wewe. Ingesimama pamoja na mzee ingemfaa zaidi.

BintiWaMtaaWaPili:

Ndugu Fundi, umenipiga panapouma na sina la kukujibu. Niliingia chini ya meza nikaiokota bakora, nikampa, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Adeer," yaani ami kwa Kisomali, "kaa." Akaniuliza kama Mheshimiwa ameruhusu. Nikamdanganya kwamba ndiyo, ameruhusu. Ndipo akakaa. Nilichofanya ni hicho tu.

Mzalendo_Halisi:

Hilo la bakora limenigusa, sikatai. Lakini kambi ya wakimbizi ya Dadaab ilistahili kufungwa na nitalisema hilo popote.

Wakili_Mstaafu:

Serikali ilitangaza kuifunga, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema uamuzi huo unakiuka Katiba, kwa kuwa unawaadhibu watu wa taifa moja, wakimbizi wa Somalia, kwa jumla. Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imefuta vifungu vinane vya sheria ya usalama ya mwaka 2014. Mheshimiwa anayajua haya, maana naye ni mtunga sheria.

Utingo_Garissa_Road:

Nyinyi mnalalamikia ukumbi wa siku moja, sisi tunasimamishwa kila siku. Kabla ya kufika daraja la Mto Tana abiria hushushwa wote, wapange mstari juani, kila mmoja akishika kipande chake, yaani kitambulisho, mkononi. Mama mwenye mtoto mgongoni husimama. Dereva hukaa. Juzi tulikaa hapo kwa muda wa saa mbili kwa sababu ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa na barua ya shule peke yake, na nyanya za watu zilizokuwa juu ya keria zikaiva zikapasuka.

Mke_wa_Askari:

Kwa kuwa ametajwa marehemu askari wa akiba, acheni niseme langu. Miaka mingi wanaume wetu walipewa bunduki na risasi za kuhesabu, bila mshahara, wakaambiwa walinde visima na mabasi. Akifa hakuna pensheni. Hata viatu alivyozikwa navyo baba wa wanangu tulivinunua sisi. Viongozi wakali wa televisheni hawajawahi kuniuliza hata mara moja hiyo familia inakula nini.

Subira_Wajir:

Na vitambulisho je? Rais alitia saini kwetu Wajir Februari 2025 kwamba ule uhakiki wa ziada kwa watu wa kwetu wanaoomba vitambulisho umekwisha. Mdogo wangu ametimiza miaka kumi na minane, amekwenda ofisini mara tatu, na mara zote ameulizwa kitambulisho cha babu. Babu alifariki kabla sijazaliwa.

Utingo_Garissa_Road:

Dada Subira, wetu aliulizwa cha nyanya.

Subira_Wajir:

Na cha nyanya mlikipata wapi? Naomba unielekeze, maana Jumatatu tunarudi tena, na foleni huanza saa kumi na moja alfajiri.